Kabla ya kutuma pesa ya kadi ya grafiki, hesabu wati zako

Umechanga miezi kadhaa. Viatu vipya umesahau, mialiko ya nyama choma umekataa, na sasa M-Pesa yako iko fiti. Kompyuta tayari iko mezani. Ni mpya kwako, hata kama ilitumika miaka kadhaa katika ofisi fulani huko Uingereza kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Umeona kadi ya grafiki mtandaoni, muuzaji yuko Nairobi, na anasema ataituma kwa basi la usiku uichukue asubuhi stendi ya Kitale au Bungoma. Kilichobaki ni kuweka namba ya siri.

Subiri kidogo. Kuna swali ambalo vijana wengi huliuliza kadi ikishafika, ilhali walipaswa kuliuliza mapema: hii kadi itapata wapi stima?

Si swali la kitaalamu tu. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni karibu kilomita 380. Kadi ikikataa kuingiana na kompyuta yako, huwezi kuvuka barabara kuibadilisha. Utalipa kuirudisha, utalipa iletwe nyingine, na katikati hapo ile kazi ya kuhariri video ya harusi uliyoahidi Jumamosi imekwenda kwa mtu mwingine. Halafu kuna jambo zito zaidi. Ukiilazimisha kadi kwa waya usiofaa, unaweza kuchoma plagi, kuua kompyuta nzima, au kuamka usiku na moshi chumbani.

Habari njema ni kwamba hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Tuifanye pamoja.

Kadi inakula wati ngapi?

Kadi ya grafiki hupata stima kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile soketi ndefu kwenye ubao mkuu wa kompyuta inayoitwa PCI Express. Unachomeka kadi hapo na inapata hadi wati 75, bila waya wowote wa ziada. Ya pili ni plagi zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, yaani lile sanduku la chuma linalopokea stima ya ukutani na kuigawa ndani ya kompyuta. Plagi ya pini 6 imeruhusiwa kubeba wati 75. Ile ya pini 8 inabeba wati 150.

Fikiria mahindi. Soketi ya ubao mkuu ni kama bodaboda: gunia moja itakufikishia bila shida. Magunia yakiwa matatu, unatafuta pikapu. Hulazimishi boda.

Sasa angalia kadi zinazouzwa sana kwa mitumba. GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 na GTX 1650 ya 2019 zimepangiwa wati 75, kwa hivyo nyingi zinaishi kwa soketi peke yake. Nasema nyingi kwa sababu baadhi ya GTX 1650 zilitengenezwa na tundu la pini 6, na hizo hazitawaka vizuri bila plagi yake. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inakula wati 70 tu.

Panda ngazi kidogo. GTX 1060 ni wati 120 na nyingi zinataka pini 6. GTX 1660 Super ni wati 125 na kwa kawaida inataka pini 8. RTX 3060 inafika 170. RX 580, ambayo wauzaji hupenda kuisifu kwa sababu ina nguvu kwa bei ya chini, ni wati 185. Hizi zote, ukizichomeka bila plagi, zitakuangalia tu. Feni zinaweza kuzunguka kwa kelele, lakini skrini itabaki nyeusi, au itakuonyesha ujumbe wa kukuagiza uzime mashine na uunganishe kebo ya stima.

Kwa hivyo jina la kadi pekee halitoshi. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ukingo wa juu wa kadi. Hapo ndipo tundu la stima hukaa. Ukiona ukingo mtupu, kadi inategemea soketi. Ukiona matundu, yahesabu.

Sanduku la ofisi halikuumbwa kwa gemu

Kompyuta nyingi zinazofika kwenye maduka yetu ni za ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, zinavumilia. Lakini zilitengenezwa kwa kazi ya karani: kuandika barua, kujaza hesabu, kutuma barua pepe. Aliyezibuni hakukufikiria wewe na gemu yako ya mpira.

Ndiyo maana pawa saplai yake ni ndogo. Kwenye OptiPlex 7010, kwa mfano, toleo la kasha kubwa lina wati 275, na lile jembamba lina 240. Ukifungua nyingi ya mashine za aina hii hukuti plagi yoyote ya kadi ya grafiki. Si kwamba imefichwa. Haipo.

Kasha lile jembamba lina tatizo lingine: kadi ya urefu wa kawaida haiingii. Linataka kadi fupi, yenye bamba fupi la chuma. Pima kwa rula kabla ya kununua, usipime kwa macho.

Utasema basi, nitabadilisha pawa saplai. Sawa, lakini angalia kwanza. Kompyuta za kawaida hutumia plagi kubwa ya pini 24 kulisha ubao mkuu. Dell na HP, kwenye modeli zao nyingi za ofisi, waliachana na hiyo na kuweka plagi yao wenyewe ya pini 6 au 8. Umbo la sanduku pia linaweza kuwa tofauti, likakataa kukaa mahali pake. Zipo kebo za kuunganisha pawa saplai ya kawaida na bodi hizo, ila lazima uziulizie kwa jina kamili la modeli. "Ni ya Dell" si jibu.

Plagi zinafanana, kazi zao hazifanani

Tuseme umenunua kompyuta iliyoundwa upya, yenye pawa saplai ya kisasa na waya kibao. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Kuna plagi ya pini 8 inayolisha prosesa. Kwa kawaida imeandikwa CPU na hugawanyika katikati, nne na nne. Kuna plagi nyingine ya pini 8 inayolisha kadi ya grafiki. Imeandikwa PCI-E au VGA, na hugawanyika sita na mbili ili iweze kutumika hata kwenye kadi ya pini 6. Kwa mbali ni mapacha. Ndani, mpangilio wa volti umegeuzwa: pale ambapo moja ina volti 12, nyingine ina waya wa kurudisha stima. Ukilazimisha ya prosesa iingie kwenye kadi, unaunda shoti.

Kama waya zako zina rangi, kuna njia rahisi ya kuzitofautisha. Njano ni volti 12, nyeusi ni ya kurudi. Plagi ya prosesa ina njano nne na nyeusi nne. Ile ya kadi ina njano tatu na nyeusi tano. Waya zikiwa nyeusi zote, kama ilivyo kwa pawa saplai nyingi za siku hizi, soma maandishi kwenye plagi. Isitoshe, pini za plagi hizi zina maumbo, nyingine za mraba na nyingine zimekatwa pembe, makusudi ili isiyo yake isiingie. Plagi ikikataa, inakusaidia. Usitafute nyundo.

Na tahadhari nyingine kwa wale wenye pawa saplai ambayo kebo zake huchomolewa pande zote mbili. Usiazime kebo ya rafiki yako wa Kimilili kwa sababu "inaingia". Upande wa kadi una mpangilio mmoja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga inavyotaka. Kebo ya kampuni moja kwenye sanduku la kampuni nyingine inaweza kupeleka volti 12 mahali palipongojea 5. Diski yako ndiyo itakayokufa kwanza, pamoja na picha za wateja.

Adapta ya bei ya chai

Kila mtu akishagundua kwamba kompyuta yake haina plagi ya kadi, kuna mtu atamwambia: "Hiyo si kitu, kuna adapta." Na kweli ipo. Ni kiwaya kifupi, upande mmoja plagi bapa ya SATA, ile inayolisha diski, na upande mwingine pini 6 au 8.

Fanya hesabu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila moja imeruhusiwa kubeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5. Zidisha kwa volti 12 unapata wati 54. Sasa, pini 6 ya kadi inaruhusiwa kuvuta wati 75, na pini 8 inaruhusiwa 150. Umechukua mzigo wa pikapu ukauweka juu ya baiskeli.

Wiki ya kwanza huenda isionyeshe chochote. Plastiki hupata joto polepole, kila siku kidogo, hadi jioni moja uko katikati ya mechi na unasikia harufu. Kwenye modeli nyingi za karibuni za ofisi, plagi ya SATA haitoki hata kwenye pawa saplai. Inatoka kwenye ubao mkuu wenyewe, kwa waya nyembamba. Ikiungua pale, hubadilishi waya. Unabadilisha kompyuta.

Usidhani mambo haya huwapata wenye vifaa vya bei rahisi pekee. Mnamo Oktoba 2022, kampuni ya Nvidia ilitoa RTX 4090, kadi ya wati 450 na ghali kupindukia. Ilikuja na plagi mpya ya pini 16. Wiki chache baadaye, wenye kadi hizo walianza kuonyesha picha za plagi zilizoyeyuka. Novemba mwaka huohuo, Nvidia ilisema ilikuwa inafahamu visa takriban 50 duniani, na kwamba jambo lililojirudia ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Kama plagi isiyoingia vizuri inaweza kuyeyusha kadi ya pesa zote hizo, hiyo adapta yako ya bei ya chai itakuhurumia kwa nini?

Kalamu na karatasi

Chukua karatasi. Andika wati za prosesa. Core i5 nyingi za kompyuta za mezani za miaka ile ni kati ya 65 na 84. Ongeza wati za kadi. Ongeza kama 40 za ubao, diski, memori na feni.

Mfano wa kwanza: prosesa 84, GTX 1650 wati 75, vingine 40. Jumla ni 199. Pawa saplai ya wati 275 inabeba hiyo na kubaki na pumzi.

Mfano wa pili: prosesa ileile 84, RX 580 wati 185, vingine 40. Jumla ni 309. Pawa saplai yako imeshazidiwa kabla hujafungua gemu, na plagi ya pini 8 hukuwa nayo hata hivyo. Hapo suala la "nitajaribu tu" halipo.

Acha nafasi ya kutosha juu ya jumla yako, angalau robo, kwa sababu kadi huvuta ghafla kuliko kiwango chake kwa nukta ndogo sana.

Kisha soma kibandiko cha pawa saplai, lakini usisome ile namba kubwa iliyochapishwa kwa rangi. Tafuta mstari wa volti 12, uone ampea zake. Zidisha. Kama sanduku linajiita 500 lakini mstari wa volti 12 unasema ampea 18, basi kadi na prosesa yako vinagawana wati 216. Hizo nyingine ni za kujichocha.

Siku ya kuunganisha

Zima kompyuta na uchomoe waya ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja, ili stima iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi, kwa sababu mwili wako hubeba chaji, hasa Januari Kitale ikiwa kavu na umevaa sweta.

Toa bamba la nyuma. Weka kadi kwenye soketi ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa, uisukume sawasawa hadi usikie mlio wa kufunga. Kaza skrubu. Chomeka plagi ya stima hadi kishikio chake kilie, kisha ivute kidogo kuhakikisha haitoki. Kadi ikiwa na matundu mawili ya pini 8, tumia kebo mbili tofauti kutoka pawa saplai, si kebo moja yenye vichwa viwili, kama unazo.

Mwisho, kebo ya skrini. Ichomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mkuu. Kompyuta ngapi zimepelekwa kwa fundi zikiwa nzima, kosa likiwa kebo imebaki kwenye tundu la zamani!

Stima yenyewe ya huku kwetu

Baada ya kumaliza ndani, geukia ukuta. Stima ya Kenya ni volti 240, na plagi yetu ya pini tatu ina sababu. Ile pini ndefu ya juu ni ya ardhi. Kwenye nyumba za kupanga ambako fundi aliruka waya wa ardhi, kasha la kompyuta linaweza kukurusha ukiligusa bila viatu. Ukihisi vidole vinawashwa, si mapepo. Ita fundi wa stima.

Kisha kuna mvua. Upande huu wa magharibi, kuanzia Mlima Elgon kushuka Webuye hadi Bungoma mjini, radi za alasiri tunazijua. Mawingu yakianza kunguruma, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa waya ukutani, na ule wa intaneti pia.

Na stima ikipotea? Kila mtu anakumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, ilipopotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa JKIA ukabaki gizani. Kinachoua mashine mara nyingi ni stima kurudi kwa kishindo. Chomoa, ngoja itulie dakika chache, kisha rudisha. Ukinunua UPS, jua kwamba ile 650 iliyoandikwa ni VA wala si wati. Wati zake halisi mara nyingi ni kati ya 350 na 400, na zitakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Hazitakumalizia mechi.

Usisahau tokeni. Kompyuta inayovuta wati 300 kwa saa tano inakula yuniti moja na nusu. Kama mnachanga tokeni na wenzako wa hosteli pale karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, waambie mapema. Ni heri ugomvi wa leo kuliko wa mwisho wa mwezi.

Uliza, ni haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili bidhaa imfae. Kwa hivyo usione haya kumsumbua muuzaji. Omba picha tatu: ukingo wa juu wa kadi, kibandiko cha nyuma chenye jina kamili la modeli, na kadi ikiwa imewaka kwenye kompyuta. Uliza maneno haya haya: "Inataka wati ngapi, na plagi gani?" Uliza pia ikikataa utarudishiwa pesa au la, na jibu liwe kwa maandishi kwenye simu.

Kwa upande wako, fungua kasha la kompyuta yako leo jioni, hata kabla hujachagua kadi. Piga picha kibandiko cha pawa saplai na plagi zote zinazoning'inia bila kazi. Hizo picha zikae kwenye simu.

Huenda ukagundua kwamba kadi uliyoitamani haikufai na ile ndogo ya wati 75 ndiyo yako kwa sasa. Hakuna aibu hapo. GTX 1650 inayowaka kila siku Bungoma itakuharirirshia video nyingi kuliko RX 580 iliyokaa kwenye boksi ikingoja plagi.